REDIO ZA WAZEE WETU SI CHUMA CHAKAVU

Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa katibu mwenezi wetu katika mkutano wa wanachama uliofanyika Jumamosi iliyopita. Tunayachapa karibu yote, kwa kuwa wanachama wengi waliokosa nafasi ya kuhudhuria wameomba kuyasoma.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na vijana wenzangu:

Najua wengi wenu mmekuja mkitazamia kusikia habari za ada na za uchaguzi wa matawi. Hayo yatakuja. Mweka Hazina ameketi pale na daftari lake, wala hapana atakayemkwepa mlangoni. Lakini Mwenyekiti amenipa ruhusa niseme kwanza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo: redio za kale. Nasema juu ya masanduku yale yaliyo darini, chini ya vitanda na katika mabanda ya kuku. Nimekuja kuwaomba msiyauze.

Na kabla sijamwomba mtu yeyote, yanipasa niungame kosa langu mwenyewe. Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa pamba huku huku Usukumani. Mwaka 1972, baada ya kuuza pamba yake, alinunua redio ya betri. Ilikaa nyumbani kwake maisha yake yote. Alipofariki, mimi nilikuwa na umri wa miaka 13. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu na baiskeli yake na mizani ya kuning'iniza. Mimi ndiye niliyeingia chumbani nikaitoa redio ile, nikaipiga jiweni ili plastiki ing'oke, maana mnunuzi alitaka chuma na shaba tu. Nikapewa shilingi 1,000. Nikanunua vocha mbili za simu, na jioni ile ile zikaisha.

Miaka ikapita, nikaenda chuo cha ualimu. Siku moja mkufunzi wetu akatuagiza kila mmoja alete kitu kimoja cha nyumbani kwao, afundishe nacho somo la historia. Nikamwendea bibi yangu kumwuliza habari za redio ya babu. Bibi hakusema neno. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha shimo la choo cha zamani lililofukiwa. Akasema: "Choo hiki tulikichimba kwa redio." Akanieleza jinsi majirani walivyokuwa wakikusanyika uani mwaka 1973 kusikiliza mafunzo ya afya, na jinsi walivyokubaliana kuchimba vyoo, nyumba kwa nyumba. Nikarudi chuoni, nikasimama mbele ya wenzangu na hadithi nzuri, lakini mikono mitupu. Ile redio nilikuwa nimeiuza kwa vocha mbili.

Ndiyo maana nasema nanyi leo.

Ndugu zangu, tukitaka kujua thamani ya sanduku la redio, yafaa tuulize mambo mawili. Kwanza, nani aliyekuwa akisema ndani yake? Pili, nani aliyekuwa akisikiliza, na baada ya kusikia alifanya nini? Jambo la kwanza laweza kupatikana katika maandishi ya serikali. La pili halipatikani ila kwa wenye redio wenyewe, nao wanazidi kupungua kila mwaka.

Niwaonyeshe kwa mfano wa jirani zetu wa Zambia, kwa sababu huko ndiko lilikofanyika jambo ambalo baadaye lilisemwa sana katika habari za redio Afrika. Wakati ule nchi ile ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1941, vita vya pili vya dunia vikiendelea, serikali ya kikoloni ilifungua stesheni ndogo mjini Lusaka. Shabaha yake ilikuwa kuwapa habari za vita jamaa za askari Waafrika waliopelekwa kupigana mbali na kwao. Vita vilipokwisha, mkuu wa idara ya habari, Bwana Harry Franklin, aliona kwamba stesheni yaweza kusema na Waafrika kwa lugha zao, Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi na nyinginezo. Lakini alikabiliwa na shida moja kubwa: msemaji yupo, wasikilizaji hawana redio. Redio za siku zile zilitengenezwa kwa nyumba za Ulaya zenye umeme, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa mfanyakazi wa kawaida.

Basi Bwana Franklin akaenda Uingereza kuwabembeleza wenye viwanda watengeneze redio ndogo, ngumu, ya betri, yenye kushika masafa mafupi. Kampuni ya betri ya Ever Ready ikakubali. Redio ya kwanza ya majaribio ilitiwa ndani ya sufuria ya alumini yenye upana upatao inchi 9, bila mpini. Umbo lile likapendeza kwa sababu alumini haishiki kutu wala hailiwi na mchwa. Ikauzwa tangu mwaka 1949, nayo ikajulikana kwa jina hilo hilo la sufuria: kwa Kiingereza iliitwa Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100 za siku zile. Betri yake kubwa iliuzwa kando kwa shilingi 25, nayo ilitazamiwa kudumu kwa saa 300 hivi. Pigeni hesabu: mwenye kusikiliza saa tatu kila jioni, betri yake humaliza kazi baada ya siku 100.

Mtu wa mshahara mdogo alikuwa hawezi kutoa shilingi 125 bila kujinyima. Hata hivyo watu walinunua, na mmoja akinunua, mtaa mzima ulisikiliza. Nani kati yetu hajui jambo hili? Mwenye redio alikuwa hawezi kula chakula chake peke yake jioni. Kwa hiyo anayehesabu redio zilizouzwa bado hajahesabu masikio.

Sasa, wenzangu, angalieni mambo yalivyogeuka. Mwaka 1953 serikali ya Uingereza iliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho la Afrika ya Kati. Waafrika walio wengi hawakulitaka, kwa kuwa waliona kwamba walowezi wa Rhodesia ya Kusini ndio watakaotawala wote. Stesheni ya Lusaka, ambayo watu walikuwa wameipenda kwa ngoma na nyimbo zao, sasa ikawa inatoa habari na sifa za Shirikisho. Watu wakaanza kuishuku. Hata watangazaji Waafrika waliokuwa wakipendwa kama ndugu wakasemwa kuwa wametumwa. Sufuria ilikuwa ile ile, betri ile ile, na sauti zile zile. Kilichopungua ni imani. Shirikisho likavunjika mwishoni mwa mwaka 1963, na Zambia ikapata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964.

Miongoni mwa watangazaji wa Lusaka alikuwapo Alick Nkhata, aliyesomea ualimu kabla ya kuwa mwimbaji na mtangazaji mashuhuri. Huyu alikusanya na kurekodi nyimbo za watu wa vijijini, na zake mwenyewe zikapendwa nchi nzima. Aliuawa mwaka 1978 wakati majeshi ya Rhodesia yaliposhambulia ndani ya Zambia. Mtu hawezi kurudi, lakini baadhi ya nyimbo zake zilisalia katika tepu, zikatolewa tena baada ya kufa kwake. Kama tepu zile zingalifutwa, angalikuwa ameuawa mara mbili.

Turudi kwetu. Hapa Tanganyika stesheni ilianza mwaka 1951 mjini Dar es Salaam, ikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Nayo ilikuwa ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Wakati huo huo sauti nyingine zilikuwa zimeanza kuvuka mipaka bila hati ya kusafiria. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwaambia Waafrika wa Mashariki mambo ambayo gavana hakupenda yasikike. Tarehe 27 Juni 1957 London nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Mnaona? Lugha yetu ambayo wengine waliidharau ikawa inatafutwa na miji mikubwa ya dunia, kila mmoja ukitaka kuingia katika ua wa mkulima jioni.

Na sisi tulikuwa na nini? TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, haikuwa na stesheni. Mwaka 1957 ikaanza kutoa Sauti ya TANU, karatasi chache zilizopigwa chapa kwa mashine ndogo. Hizo zilisomwa kwa sauti, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na redio ya namna yao: karatasi moja na mtu mmoja ajuaye kusoma. Walizoea kusikiliza pamoja na kujadiliana pamoja. Hapana shaka mazoea hayo ndiyo yaliyofanya redio iwe chombo kikubwa mno uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961.

Kuna jambo jingine lililotokea nje ya siasa, lakini siasa isingekwenda mbali bila hilo. Redio za mwanzo zilitumia vichupa vya kioo viitwavyo valvu. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto kama wa taa ya umeme, na moto huo ndio unaokula betri. Mwezi wa Desemba 1947 wataalamu wa Marekani walitengeneza kitu kidogo kiitwacho transista, chenye kufanya kazi ya valvu bila kupashwa moto. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikauzwa madukani huko kwao. Kwa muda wa miaka michache redio ikawa nyepesi, ikatumia betri ndogo za kawaida, ikaweza kwenda shambani ikining'inia kwenye usukani wa baiskeli. Hata hapa Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, kikajengwa kiwanda cha kutengeneza betri na redio za National. Redio ya babu yangu ilikuwa ya ukoo huo.

Mwaka 1965 shirika la utangazaji likavunjwa na kuwa idara ya serikali, jina likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kazi iliyofanywa na stesheni hiyo hatuna haki ya kuisahau. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Namibia na wa Afrika Kusini walipewa nafasi hapo ya kusema na watu wao. Huko Afrika Kusini serikali ya makaburu ilifanya kusikiliza Radio Freedom ya ANC kuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Fikirini, ndugu zangu: mtu amejifunika blanketi usiku, sauti ameipunguza mpaka ya kunong'ona, anasikiliza maneno yanayotoka katika nchi ya wakulima maskini. Redio aliyoishika mtu yule haifai kupimwa kwa kilo.

Na mwaka 1973 yakaja mafunzo ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Mafunzo yaliendelea kwa majuma 12, nayo yalihusu malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine yaliyokuwa yakiwaua watoto wetu. Choo cha bibi yangu ni mtoto wa juma moja katika hayo.

Lakini yanipasa niseme kweli yote, maana anayekusanya historia ya kujisifu tu hakusanyi historia. Baada ya uhuru tulikaa miaka mingi na stesheni moja ya serikali. Yalikuwako mambo ambayo haikuyasema au iliyasema kwa kuchelewa, na wazee waliopo hapa wanajua ni wangapi waliokuwa wakizungusha kitufe usiku kutafuta London ili wapate kujua yaliyotokea kwetu wenyewe. Tena mtu akikosa habari hujitengenezea yake, ndiyo maana uvumi wa barazani tunauita redio mbao. Stesheni za watu binafsi zilikuja tu katika miaka ya 1990. Makumbusho ya redio yasiyosema jambo hili yatakuwa ya uongo kama zilivyokuwa habari za Shirikisho, na wajukuu wetu watayashuku kama watu wa Lusaka walivyoshuku.

Sasa kuna mzee mmoja aliniuliza jana: "Mwanangu, zahanati haina dawa za kutosha, barabara imekatika, nawe wataka tulinde masanduku mabovu?" Swali lake ni la haki, nami nilimjibu hivi. Mzee, dawa tutazidai, na barabara tutaidai, na Chama kikinyamaza juu ya hayo mtuondoe. Lakini kijana anayeambiwa kwamba wazee wake hawakuwahi kufanya neno lolote kwa mikono yao wenyewe, huyo hata barabara haidai. Hukaa akingoja aletewe. Choo kilichochimbwa mwaka 1973 bila mkandarasi na bila msaada ni ushahidi kwamba twaweza. Redio ni shahidi wa choo kile. Mimi nilimwuza shahidi.

Kadhalika iko kazi kubwa zaidi ya tepu. Katika hazina ya redio ya taifa mna maelfu ya tepu za hotuba, michezo ya kuigiza, ngoma na nyimbo za bendi. Tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma. Unyevu na joto huuharibu, na mashine za kuucheza hazitengenezwi tena kama zamani. Katika stesheni nyingi duniani ilikuwa desturi kufuta tepu ili zitumike tena, kwa kubana matumizi. Kwa hiyo yaliyosalia ni machache, na kila mwaka wa kuchelewa huondoa kitu. Kazi ya kuyahamisha katika kompyuta ni ya taifa, nasi wanachama yatupasa kuuliza viongozi wetu mara kwa mara imefika wapi. Lakini iko sehemu ambayo ni ya kwetu, haihitaji bajeti ya serikali. Naomba tukubaliane juu yake leo.

Kwanza, kila tawi liandike orodha ya redio za kale zilizomo katika eneo lake. Hatumnyang'anyi mtu mali yake. Mwenyewe akitaka kukaa nayo, akae nayo. Tunataka tujue tu iko wapi.

Pili, mwenye kukubali kuitoa, tuiweke katika chumba cha nyuma cha ofisi ya wilaya, ambacho Kamati imekwisha kutupatia. Chumba hiki kiwe wazi kwa watoto wa shule.

Tatu, kila redio iandikiwe kadi. Kadi iseme ni nani aliyeinunua, mwaka gani, kwa fedha iliyotokana na nini, ikaa wapi ndani ya nyumba, majirani gani walikuja kusikiliza, na neno gani walilolisikia ambalo hawakulisahau. Redio isiyo na kadi ni bati tu. Vijana wenye simu wamrekodi mzee kwa sauti yake mwenyewe, kwa ridhaa yake, na nakala moja abaki nayo yeye.

Nne, itunzwe kwa akili. Ondoeni betri za zamani, maana huvuja maji makali yanayokula chuma. Msiipake rangi mpya wala kuing'arisha kwa msasa. Mikwaruzo yake ni sehemu ya habari zake. Na redio ya umeme iliyokaa miaka mingi msiichomeke ukutani kuijaribu, kwa sababu vifaa vyake vya ndani vilivyozeeka vyaweza kupasuka au kuwasha moto. Mwacheni fundi aitazame kwanza.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Ila nataka kusema jambo moja kwa vijana wa rika langu. Sisi tumezaliwa katika wakati ambao kila mtu ana sauti mfukoni mwake. Twaweza kusikia dunia nzima kabla ya chai. Lakini waulizeni wazee: lini mara ya mwisho watu ishirini wa mtaa mmoja walisikiliza neno moja kwa pamoja, wakalijadili, kisha kesho yake wakachukua majembe? Siwaambii tuzitupe simu. Nawaambia tusiuze ushahidi wa kwamba jambo lile lilifanyika hapa, na wakulima wa hapa.

Bibi yangu yu hai. Juma lililopita nilimwuliza kama kuna chochote kilichobaki cha redio ya babu. Akafungua kibweta chake akanipa kitufe kimoja cha kuongezea sauti, kilichong'oka siku ile nilipoipiga jiweni. Alikiokota. Amekaa nacho miaka yote hii bila kuniambia neno. Hiki hapa, Mwenyekiti, nakiweka mezani pako kiwe kitu cha kwanza cha chumba chetu. Kadi yake nimekwisha kuiandika, na jina la aliyeivunja redio ile limo.

Mweka Hazina anawangoja.